Hukumu ya Mlangoni: Tuzo za Emmy na Mipaka ya Sifa

Kila tuzo ya sanaa hutoa hukumu mbili. Ya kwanza hutamkwa jukwaani, mbele ya taa na makofi, pale jina la mshindi linaposomwa. Ya pili hutolewa mapema zaidi, kimyakimya, na wale wanaoamua ni kazi ipi itengenezwe, iruhusiwe kushindana, na iwekwe katika fungu lipi. Uhakiki wa kawaida hushughulikia hukumu ya jukwaani: nani alistahili, nani alionewa. Lakini historia ya Tuzo za Emmy, ambazo kila mwaka huwaheshimu watunzi, waigizaji na mafundi wa televisheni ya Marekani, yaonyesha kwamba hukumu ya mlangoni ndiyo yenye uzito zaidi. Yaonyesha pia kwamba, miongoni mwa milango hiyo, ule wa lugha ulichelewa mno kufunguka.

Tuzo hizo zilitolewa kwa mara ya kwanza tarehe 25 Januari 1949, mjini Los Angeles, na Akademia ya Sanaa na Sayansi za Televisheni iliyoasisiwa mwaka 1946. Mpaka wa kwanza ulikuwa wa mahali, kwani zilihusu vituo vya eneo la Los Angeles peke yake. Miongoni mwa washindi alikuwamo Shirley Dinsdale, msanii kijana aliyemsemea mwanasesere wake Judy Splinters. Filamu iliyotuzwa iliitwa The Necklace, nayo ilitokana na hadithi fupi ya Guy de Maupassant ya mwaka 1884, ambayo wengi waliosoma kwa Kifaransa huikumbuka kwa jina la La Parure. Hadithi hiyo yamhusu mwanamke anayeazima mkufu ili ang'ae usiku mmoja, akaupoteza, akataabika miaka kumi kuulipa, na mwishowe akagundua kwamba haukuwa na thamani aliyoidhania. Ni vigumu kupata utangulizi ufaao zaidi kwa sherehe ya mapambo na thamani.

Jina la tuzo latokana na kifaa cha ndani ya kamera za zama zile, kilichopewa na mafundi jina la utani la Immy, ambalo baadaye likageuzwa Emmy ili lifanane na jina la kike. Sanamu yake, iliyobuniwa na mhandisi Louis McManus, ni ya mwanamke mwenye mabawa aliyeinua atomu. Mabawa ni sanaa, atomu ni sayansi. Kura hupigwa na watu wa fani: waigizaji huwapima waigizaji, waongozaji huwapima waongozaji. Utaratibu huu una heshima yake, maana fundi hutambua ugumu wa kazi ya fundi mwenzake. Una upofu wake pia, kwa sababu wanafani huitambua kwanza sanaa inayofanana na yao.

Mpaka wa vyombo wadhihirisha jambo hilo. Vituo vya kebo havikuruhusiwa kushindana kikamilifu hadi mwaka 1988, na ilibidi kungoja mwaka 2004 ndipo The Sopranos ikawa tamthilia ya kwanza ya kebo kutwaa tuzo ya tamthilia bora. Mwaka 2017 The Handmaid's Tale ikawa ya kwanza kuitwaa kwa upande wa kampuni za intaneti. Kwa upande mwingine, The Wire, iliyoonyeshwa kati ya 2002 na 2008 na kusifiwa mno na wahakiki kwa namna ilivyochambua maisha ya jiji la Baltimore, haikupata Emmy hata moja. Kwa hiyo kufunguliwa kwa mlango si kukaribishwa mezani.

Mpaka wa rangi ulikuwa mgumu zaidi. Ni kweli kwamba mwaka 1977 tamthilia ya Roots, iliyotokana na kitabu cha Alex Haley, iliteuliwa mara 37 na kushinda tuzo tisa. Katika fungu mojawapo la waigizaji wakuu wanaume, wateule wote wanne walikuwa waigizaji weusi wa tamthilia hiyohiyo, na mshindi akawa Louis Gossett Jr. Mtu angedhani kwamba ukuta ulianguka siku ile. Lakini ilichukua miaka mingine 38 kabla ya mwanamke mweusi, Viola Davis, kushinda mwaka 2015 kama mwigizaji mkuu wa kike wa tamthilia ya mfululizo. Alipopokea tuzo alieleza kiini cha jambo: kinachowatenga wanawake wasio weupe na wengine ni nafasi, na hakuna awezaye kutuzwa kwa uhusika ambao haukuandikwa.

Kauli hiyo yaufafanua mfano unaokihusu Kiswahili chenyewe. Katika Star Trek, iliyorushwa kati ya 1966 na 1969, Nichelle Nichols aliigiza afisa wa mawasiliano aitwaye Uhura, jina lililochongwa kutokana na neno letu uhuru. Katika sehemu moja iliyoonyeshwa Septemba 1967, kumbukumbu za Uhura zinafutwa na mtambo. Anapofundishwa upya kusoma Kiingereza, Kiswahili kinamtoka chenyewe. Watunzi walikifanya Kiswahili kuwa shina linalobaki majani yanapopukutika. Hata hivyo, shina hilo halikupewa nafasi ya kuzaa: maneno machache tu, yasiyobeba fikra wala kusukuma kisa. Uhura hufungua njia ili wengine wazungumze. Leonard Nimoy, mwenzake katika tamthilia hiyo, aliteuliwa kwa Emmy mara tatu. Nichols hakuteuliwa hata mara moja kwa uhusika huo. Kuwalaumu wapiga kura peke yao hakutoshi, kwa kuwa walichowekewa mbele kilikuwa kimekwisha kupunguzwa mezani mwa mtunzi.

Wala si lazima kutafuta kanuni iliyozikataza lugha nyingine. Biashara ilitosha. Televisheni ya Marekani iliishi kwa matangazo, na mtangazaji wa bidhaa hakutaka mtazamaji asumbuke kusoma tafsiri chini ya picha. Hali ilianza kubadilika kampuni za intaneti zilipotafuta watazamaji duniani kote. Mwaka 2022 Lee Jung-jae alishinda kama mwigizaji mkuu wa tamthilia kwa Squid Game, akiwa wa kwanza kushinda katika fungu hilo kwa uigizaji usio wa Kiingereza. Mwaka 2024 Shōgun, ambayo mazungumzo yake mengi ni ya Kijapani, ilitwaa tuzo ya tamthilia bora na kupata jumla ya tuzo 18.

Mtu aweza kupinga kwamba tuzo ya Wamarekani ina haki ya kujali ya Marekani, na kwamba kazi za nje zina Emmy ya Kimataifa iliyoanza kutolewa mwaka 1973. Pingamizi hilo lina nguvu kuhusu nchi, lakini halina nguvu kuhusu lugha, kwa sababu ndani ya Marekani yenyewe mamilioni ya watu huishi, hupenda na hugombana kwa lugha zisizo Kiingereza. Aidha, Kikorea na Kijapani havikuingia kwa huruma ya wapiga kura. Viliingia kwa sababu nyuma yake palikuwa na waandishi, studio na watazamaji waliokwisha kuzizoea lugha hizo zikibeba visa vizima, kuanzia mzaha hadi kilio.

Hapo ndipo somo kwa wanaoshughulikia fasihi ya Kiswahili. Lugha inayotajwa kwa jina tu hubaki pambo la mwenyeji, kama mkufu ule wa kuazima, hata jina hilo likiwa zuri kama Uhura. Mhakiki anayeipima tuzo yoyote, ya Hollywood au ya nyumbani, hana budi kuuliza kabla ya kuhesabu washindi: nani aliandika uhusika, kwa lugha ipi, na lugha hiyo iliachiwa kusema nini.