Jicho la Kamera ya Kwanza

Mpira wa miguu ni mgumu kwa mwenye bidhaa ya kutangaza. Dakika 45 zinakwenda bila kituo, na televisheni haiwezi kuukata mchezo katikati ili ituonyeshe soda. Tangazo inabidi likae ndani ya picha ileile ya mchezo: kifuani mwa jezi, kwenye mabango ya pembeni, kwenye kona ya kioo karibu na matokeo. Likae vizuri au vibaya, anayeamua ni mtu mmoja aliye juu ya jukwaa, usawa wa mstari wa katikati, mkono ukiwa kwenye mpini wa kamera ya kwanza. Huyo ndiye ninayetaka kumsifu, hasa yule anayefanya kazi hiyo kwenye viwanja vya vyuo.

Uganda ina ligi ya soka ya vyuo vikuu tangu 2012. Pepsi imeipa jina lake, na NTV Uganda imewahi kurusha mechi zake mubashara. Makerere, Kyambogo, UCU ya Mukono, Uganda Martyrs ya Nkozi na wengine huchezea kwenye viwanja vyao wenyewe, wanafunzi wakiwa wamesimama hatua chache tu kutoka kwenye mstari. Mji wa Mbale una mwakilishi wake, Chuo Kikuu cha Kiislamu, IUIU, kilichofunguliwa mwaka 1988 pale Nkoma. Ng'ambo ya mji, mtaani Namatala, kuna vijana wengi wanaocheza peku jioni, na kwao kuuona mpira wa chuo cha jirani kwenye televisheni ni jambo kubwa kuliko kuiona Arsenal. Arsenal iko mbali. Nkoma unafika kwa miguu.

Ukiitaja haraka, kazi ya kamera ya kwanza inaonekana nyepesi: fuata mpira. Lakini anayeufuata mpira amekwisha kuchelewa. Mpiga kamera hodari husoma bega la beki kabla pasi haijatoka. Mchezaji anapokimbia, humwachia nafasi wazi mbele yake, ili mtazamaji aone anakokwenda na nani anamngoja huko. Winga akiinua kichwa kutazama lango, yeye tayari anaipanua picha polepole, ili krosi itakapopigwa washambuliaji wawe wamekwisha kuingia kwenye kioo. Nasi nyumbani hatukuona picha ikipanuka. Tumeona bao tu.

Mikono yake inastahili kutazamwa peke yake. Mmoja unazungusha fokasi. Mwingine umeshika mpini unaoigeuza kamera, na kidole gumba cha mkono huohuo kinasukuma zumu mbele na nyuma kwa kani ndogo mno. Kichwa cha stendi kina msuguano unaorekebishwa: ukikilegeza sana, picha inapitiliza mpira, ukikikaza sana, inakwenda kwa kushtuka. Kwa hiyo kabla ya mechi utamwona akiigeuza kamera kutoka goli hadi goli, tena na tena, huku uwanja ukiwa mtupu, akitafuta ukazo unaoufaa mwili wake. Filimbi ikilia, hujizungusha kiunoni, mabega yakiwa yametulia, kama mtu aliyejitwika ndoo ya maji iliyojaa. Masikioni ana sauti ya mwongozaji anayeongea na kamera zote kwa pamoja, naye lazima achuje lipi ni lake na lipi ni la wenzake. Hivyo kwa dakika 90, na zile za nyongeza.

Kuna jambo la jua, ambalo kwa Mbale lina uzito wa pekee. Mechi za jioni huanza saa kumi, jua likiwa limeshaanza kushuka. Jukwaa likijengwa upande wa magharibi, jua linakuwa mgongoni mwa kamera: nyuso zinatambulika, namba za jezi zinasomeka, na nyuma ya uwanja unasimama ukuta wa mlima Wanale. Sijui mandhari nyingine ya soka Uganda nzima inayoizidi hiyo. Jukwaa likijengwa mashariki, lenzi inatazama jua, na wachezaji 22 wanageuka vivuli. Halafu yapo mawingu ya mlima Elgon, ambao wenyeji wanauita Masaba. Yanaweza kufunika nusu ya uwanja na kuiacha nusu ya pili inawaka, na mpira ukivuka kutoka mwangani kwenda gizani, mtu fulani lazima aufungue mlango wa lenzi kwa kadiri ileile ya mwendo wa mpira. Kwenye matangazo makubwa yuko fundi wa kazi hiyo ndani ya gari. Kwenye mechi ya chuo, mara nyingi ni huyuhuyu.

Mabango nayo yana hesabu yake. Huwekwa upande unaotazamana na jukwaa, na kamera zote kuu hukaa upande mmoja wa uwanja, vinginevyo timu zingeonekana zikibadilisha goli kila picha inapobadilika. Herufi ziwe nene na maneno machache, kwa sababu katika picha pana bango zima ni ukanda mwembamba tu. Mikeka inayotandikwa kando ya magoli inastaajabisha zaidi: herufi zake huchorwa zikiwa zimevutwa na kupindwa, mpita njia anaona fujo, lakini kutoka kwenye kamera ya kwanza zinasimama wima. Zimepimwa kwa ajili ya jicho moja. Kamera ikihamishwa mita chache, hesabu yote imeharibika.

Mdhamini huhesabu sekunde ambazo jina lake limesomeka. Mtu anaweza kudhani basi mpiga kamera angetegea mabango. Asifanye hivyo. Mpira mwingi huchezwa kati ya bango na bango, na picha iliyotulia, yenye upana wa kutosha na fokasi safi, huyaonyesha mabango bila kuyatafuta. Picha inayotetemeka humnyima mdhamini na mchezaji kwa mkupuo mmoja.

Wamarekani walianza mapema kurusha mechi za vyuo. Tarehe 30 Septemba 1939, jijini New York, vyuo vya Fordham na Waynesburg vilikuwa vya kwanza kuonyeshwa kwenye televisheni vikicheza mpira wao wa Kimarekani, wakati nyumba zenye televisheni zilikuwa chache mno. Leo haki za matangazo za vyuo vyao ni biashara ya mabilioni ya dola. Hapa kwetu Afrika Mashariki fedha imeanza kufika kwenye ligi kuu: mwaka 2021 Azam Media na shirikisho la soka la Tanzania walitia saini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6 za Tanzania. Vyuo bado viko nyuma sana, na sioni vikipanda kwa hotuba. Vitapanda kwa picha ambayo mwenye kampuni akiitazama ataona jina lake limetendewa haki, na kocha wa klabu ya Kampala akiitazama ataweza kumtambua beki wa kushoto wa Nkoma kwa namba yake.

Ndiyo maana nawasihi wakuu wa vyuo vya Mbale: kabla ya kutafuta mdhamini, jengeni jukwaa la chuma upande wa magharibi wa uwanja, usawa wa mstari wa katikati, lenye ngazi imara, paa dogo la kukinga mvua na waya wa umeme. Mbao za kufungwa kwa kamba hutikisika kila mwanafunzi anaporuka kushangilia, na hakuna mkono, hata uwe hodari vipi, unaoweza kuutuliza mtikisiko huo. Jukwaa la chuma mtalijenga mara moja; jezi mnazinunua kila msimu.