Pesa Ukutani

Mwanamume anakula tambi katika nyumba kuukuu mjini Beijing. Kazini huenda kwa baiskeli. Humtumia mama yake kijijini yuan 300 kwa mwezi. Wapelelezi wanapekua, hawaoni kitu. Kisha wanampeleka kwenye jumba lake la siri. Jokofu: noti. Kitanda: noti. Ukuta mzima: noti. Zaidi ya yuan milioni 239, na hajatumia hata moja.

Hivi ndivyo inavyoanza Renmin de Mingyi, yaani "Kwa Jina la Wananchi", tamthilia ya televisheni ya China ya mwaka 2017 iliyoandikwa na Zhou Meisen. Tukio hilo halikutoka hewani. Mwaka 2014, nyumbani kwa Wei Pengyuan, ofisa aliyesimamia makaa ya mawe, zilikutwa zaidi ya yuan milioni 200 taslimu. Iliripotiwa kwamba zililetwa mashine 16 za kuhesabu pesa, na 4 zikaungua.

Naipenda sehemu hii kwa sababu inaonyesha hongo isiyo ya njaa wala ya anasa. Bwana huyu alikuwa na kalamu ya kuidhinisha miradi, na kila aliyetaka sahihi aliujua usemi wetu hata kama hajui Kiswahili: penye udhia, penyeza rupia.

Baada ya hapo tamthilia inaanza kuogopa. Mtazame Qi Tongwei, mkuu wa polisi wa mkoa. Mtoto wa maskini, alipigwa risasi tatu akipambana na wauza dawa za kulevya, na bado hakupata uhamisho alioutaka. Alipompigia magoti binti wa kigogo, milango ikafunguka. Shujaa wetu, mwendesha mashtaka Hou Liangping, alisoma kwa mwalimu yuleyule. Ni msafi, sawa. Lakini mkewe ni ofisa wa tume kuu ya nidhamu ya chama. Hakuwahi kulazimika kupiga magoti. Tamthilia inaliona hilo, inapita kimya, kisha inatuambia tofauti yao ni moyo tu.

Simtetei Qi. Ila kama kosa ni la moyo, tutakamata wenye mioyo mibaya mmoja mmoja, na kalamu itabaki mezani ikimsubiri mwingine. Jibu la tamthilia ni katibu mpya wa chama mkoani, mtu mwema aliyeletwa kutoka juu. Na huko juu, nani anakagua kuta?