Kabla ya Kushika Spana

Kengele ya injini ya boti ina sauti mbaya. Imetengenezwa hivyo makusudi, isikike juu ya upepo, mawimbi na makelele ya abiria. Ikilia, mwenye boti hupatwa na hofu mbili kwa mpigo: ya kukwama baharini na ya bili. Ndiyo maana mmoja huzima na kuwasha mara tatu, mara nne, akiomba itulie yenyewe, na mwingine hupiga simu kuagiza sensa mpya kabla hata hajafika ufukweni. Fundi mzuri hana pupa hiyo. Huanza kwa kuuliza, na kwa mtu mwenye haraka maswali yake huonekana ya kupoteza muda.

Ninaowasifu hapa ni mafundi wa boti za jeti, zile ndogo za matembezi ambazo injini imefichwa ndani na propela huioni. Asili yake ni New Zealand. Miaka ya 1950 William Hamilton, mfugaji aliyekuwa pia mhandisi, alitaka boti itakayopanda mito ya Canterbury, mito ya maji haba yanayokimbia juu ya kokoto. Propela ingevunjika siku ya kwanza. Yeye akatumia pampu inayovuta maji kupitia wavu wa chuma chini ya boti na kuyatupa nyuma kwa nguvu. Mtu wa Mtwapa au Kilifi, anayejua jinsi maji yakipwa fungu la mchanga linavyochomoza pale alipopita asubuhi bila wasiwasi, hahitaji kuelezwa uzuri wa wazo hilo.

Sasa, katika nyingi ya boti hizi pampu hiyohiyo inayosukuma boti ndiyo inayopeleka maji ya kupoza injini. Baadhi zina maji yake maalumu yanayozunguka ndani kwa ndani, ila hata hizo ekzosi yake hupozwa na maji ya bahari. Fundi akishalishika hilo, swali lake la kwanza linakuwa na maana: "Ilipolia, boti ilikuwa inavuta?"

Jibu hugawa njia mbili. Kama injini ilikuwa inanguruma kwa mzunguko mkubwa na boti haiendi, huku joto linapanda, basi pampu imekosa maji, na kilichoiziba kiko kwenye wavu au kimejizungusha kwenye mhimili wa impela, ile feni ya ndani ya pampu: mwani, kipande cha kamba ya wavuvi, mfuko wa plastiki. (Kenya ilipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2017 na Tanzania 2019, lakini bahari haijamaliza kuitema ile ya zamani.) Kama boti ilikuwa inavuta vizuri na bado injini inachemsha, pampu haina kosa. Tatizo liko mbele zaidi, katika mabomba membamba, kwenye kichujio, au pale ambapo chumvi na mchanga vimeganda na kubana njia. Lita moja ya maji ya bahari hubeba takriban gramu 35 za chumvi, na chumvi hupenda kubaki palipo na joto. Mlio ni mmoja, maradhi ni mawili, na swali moja limeyatenganisha kabla boti haijatolewa majini.

Kengele ya oili ni habari nyingine, na hapo fundi hana mjadala: zima. Injini inayochemsha hukupa muda kidogo wa kupunguza mwendo na kutafuta pa kusimama; iliyokosa presha ya oili inajisaga kila inapozunguka. Halafu huchomoa kijiti cha oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena, boti ikiwa imekaa sawa bila kuinama. Hatazami kipimo tu. Hunusa kama kuna petroli. Huangalia rangi: oili iliyogeuka kama chai ya maziwa imeingiliwa na maji, na safari ya siku hiyo imekwisha. Oili iliyozidi nayo haimfurahishi, kwa sababu ziada yake husukumwa hadi kwenye njia ya hewa.

Ninapovutiwa zaidi ni kwenye boti za injini mbili. Nilimtazama fundi mmoja akishughulikia boti ambayo injini ya kulia ilikuwa inalia joto na ya kushoto iko kimya. Alifungua mfuniko wa injini akaacha mvuke wa petroli utoke kwanza, maana mvuke huo ni mzito kuliko hewa na hujilaza chini ya boti ukingoja cheche. Baada ya muda akaweka kiganja juu ya bomba la maji la kulia, kisha la kushoto, kisha la kulia tena. Joto lilikuwa sawa. Akatoa sensa ya kulia akaifunga kushoto, na ya kushoto akaifunga kulia. Akawasha. Kengele ikahamia kushoto.

Hapo hakuna cha kubishana. Kama kengele ingebaki kulia, kosa lingekuwa la injini yenyewe au waya zake; kwa kuwa ilihama na sensa, sensa ndiyo mwongo. Hakununua kitu ili kujua hilo. Lakini hata hapo hakuitupa. Aliisogeza kwenye mwanga, akaona ukungu wa kijani kwenye pini, ile kutu ya shaba iliyolambwa na chumvi, akaisafisha kwa brashi ndogo, akaikausha, akairudisha mahali pake. Kimya. Akapima betri pia: volti 12.6 injini ikiwa imezimwa, zaidi kidogo ya 14 ikiwa inanguruma. Umeme dhaifu nao huzusha kengele za uongo, na yeye hakutaka kurudishwa kesho.

Mwenye boti alikuwa amependekeza mapema, "Fundi, si uikate tu hiyo waya ya kengele?"

"Bosi, nikiikata hii, utanirudia kwa injini nzima."

Wapo wanaoikata. Injini nyingi za sasa hupunguza nguvu zenyewe kengele inapolia, na mwenye haraka huona anahujumiwa na mashine yake. Fundi wa namna hii hulichukulia punguzo hilo kama sehemu ya ushahidi: lilianza saa ngapi, kwa mwendo gani, lilikoma lini.

Ustadi wake huonekana hata katika kuosha. Boti ikiwa nchi kavu, huwasha injini kwanza ndipo afungue maji baridi ya bomba, na akimaliza hufunga maji kwanza ndipo azime. Akikosea mpangilio, maji hayatakuwa na moshi wa ekzosi wa kuyasukuma nje. Yatarudi kwenye silinda, na kwa kuwa maji hayabanwi kama hewa, injini ikijaribu kuzunguka inaweza kupinda vyuma vyake vya ndani. Mkono wake hauingii kwenye wavu wa pampu kabla injini haijazimwa na kamba ya usalama haijachomolewa, hata kama kilichonasa ni unyasi mmoja.

Wateja wengi hulipa kwa kuhesabu vipuri. Wakiona kipya kimefungwa, pesa hutoka bila manung'uniko; wakiona brashi na kitambaa, huanza kuomba kupunguziwa. Ukimpata fundi aliyeuliza maswali matano na kuondoka bila kubadilisha hata skrubu, mlipe bei aliyotaja.