Sifuri Isiyo Sifuri

Katika programu ndogo tunayotumia kupanga takwimu za wagonjwa wa Masisi na Walikale, kuna mistari miwili niipendayo kuliko mingine yote. Wala si msimbo. Mwenzangu aliiandika kwa Kiswahili baada ya alama ya reli (#), pale ambapo kompyuta hairuhusiwi kusoma: «Kisanduku kitupu: kituo hakikutuma ripoti. Sifuri: walitazama, hawakuona mgonjwa. Usivichanganye.»

Takwimu za afya nchini Kongo hupita kwenye DHIS2, programu iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo. Muuguzi huandika kwenye rejista, karatasi hufika ofisi ya zoni ya afya, namba zikaingizwa. Vita vilipofika Masisi-centre Januari 2025, na Walikale mwezi Machi, unadhani nani alibaki kujaza karatasi? Muuguzi hukimbia na wagonjwa wake. Sasa mtu wa mbali, mpenda usafi, akijaza sifuri kila palipo patupu, grafu itashuka vizuri na kutangaza kwamba kipindupindu kimekwisha wiki ileile waliyolala watu porini.

Msimbo wenyewe ulionyesha tu kwamba kisanduku kitupu kinarukwa. Kwa nini kirukwe, hilo halimo ndani yake. Mwaka 1984 mwanasayansi wa kompyuta Donald Knuth alitetea programu ziandikwe kwanza kwa ajili ya binadamu msomaji. Mimi sifiki huko. Maelezo mengi yanayoandikwa kando ya msimbo ni kelele. Kuandika «hapa tunaongeza moja» juu ya mstari unaoongeza moja ni sawa na mama wa soko la Sake kubandika karatasi juu ya ndizi: hizi ni ndizi. Tunaziona, mama. Tuambie zimetoka wapi.

Gunia la kasiterite, madini ya bati, la Walikale huvishwa etiketi kwa sababu hiyohiyo: jiwe halisemi kilima chake. Lakini etiketi ya kilima kimoja imewahi kufungwa kwenye gunia la kingine, na maelezo nayo hudanganya hivyo, msimbo ukibadilishwa yenyewe yakaachwa. Ndiyo maana mwenzangu hutia tarehe.

Mimi sikutia. Juzi nimekuta mstari wangu wa zamani kuhusu zoni ya Kibua: «Kibua, ruka wiki ya 31.» Basi. Sababu siikumbuki, na niliowauliza hawaijui. Nimeshaufuta mara mbili, nikaurudisha mara mbili.