Utando, Filamu na Sensa: Uhakiki wa Tafsiri ya Kijikaratasi

Kijikaratasi kinachohakikiwa hapa kilikuwamo ndani ya boksi la king'ora cha gesi kilichonunuliwa katika duka moja la vifaa vya umeme, Kariakoo. Kina kurasa mbili za Kiingereza na mbili za Kiswahili, na mfasiri hakutajwa. Kifaa chenyewe ni kidogo, lakini gesi ikivuja jikoni usiku, ndicho kitakachowaamsha watu. Kwa hiyo kosa la istilahi hapa si jambo la mzaha.

Mfasiri amekiita kifaa "sensa ya gesi". Neno sensa limekwisha kupata mwenyewe: mtumishi wa serikali aliyeshiriki kazi ya mwaka 2022 ataona gesi ikihesabiwa kaya kwa kaya. Sikatai maneno ya mkopo. Jina la Kariakoo lenyewe lilitokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na leo hakuna anayeliona geni. Lakini jina hilo halikukuta neno jingine limekaa mahali pake. "Kihisi" latosha, nalo limeanza kuzoeleka.

Lililonisumbua zaidi ni fungu "filamu nyembamba ya kutu ya bati". Filamu kwa msomaji wetu ni picha ya sinema, au ule ukanda wa kamera za zamani. Kutu ni uharibifu wa chuma, hali oksidi hii imetengenezwa kwa makusudi. Na bati! Waulize mafundi wa Gerezani: bati ni la kuezekea, nalo ni chuma kilichopakwa zinki. Mnunuzi akisoma hivyo atadhani ameuziwa kifaa kibovu. Napendekeza "utando wa oksidi ya stani".

Najua wanabiolojia watalalamika kwamba utando ni wao, wanao katika seli. Hata hivyo neno hili lina faida ambayo filamu haina, yaani ukoo. Wingu hutanda; maziwa yakipoa hufanya utando. Katika maabara, metali hufukizwa ndani ya ombwe ikatua juu ya kioo, au mmumunyo wa chumvi yake hunyunyizwa juu ya kioo chenye moto, oksidi ikabaki. Kazi zote hizo zaweza kuitwa kutandisha. Wanafizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wametafiti tando za oksidi za metali kwa ajili ya madirisha na nishati ya jua, na matokeo yao huchapishwa kwa Kiingereza. Mwalimu atakaye kuyaeleza darasani kwa Kiswahili anahitaji kitenzi, si nomino peke yake.

Kijikaratasi chasema pia kwamba kifaa "kinanusa". Taswira ni nzuri, ila yaficha kazi yenyewe, ambayo Tetsuro Seiyama na wenzake wa Japani waliieleza mwaka 1962 kwa kutumia utando wa oksidi ya zinki. Oksijeni ya hewa hung'ang'ania uso wa utando uliopashwa moto na kushika elektroni, ukinzani ukapanda. Gesi iwakayo ikifika huiondoa oksijeni hiyo, elektroni zikarudi, ukinzani ukashuka, na king'ora kikalia. Pasipo joto hayo hayatokei. Kiingereza chaagiza mtumiaji asubiri mpaka kifaa kipate moto; Kiswahili chasema "usitumie kifaa kikiwa na moto". Mtiifu atakizima kila kinapoanza kufaa.

Hatimaye, neno "gesi" limetumika kila mahali bila kubainishwa. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, nayo hutulia sakafuni. Gesi asilia, iliyofika Dar es Salaam kwa bomba kutoka Songo Songo mwaka 2004, ni nyepesi, nayo hupanda. Maandishi ya Kiingereza yametenga maagizo mawili. Mfasiri ameyaunganisha kuwa moja: "funga juu, karibu na dari". Katika jiko lenye mtungi, kihisi kilichofungwa hivyo kitakaa kimya huku gesi ikijaa miguuni pa mpishi.