Sote Tulikuwa Waketwa

Mwaka huu nimesoma riwaya tatu za Kiswahili. Mbili zilikuja hapa Kisinga kutoka Kenya zikiwa zimeshatumika, kurasa zake zimejaa maandishi ya penseli ya mwanafunzi aliyezisomea mtihani: Nguu za Jadi ya Clara Momanyi na Chozi la Heri ya Assumpta Matei. Ya tatu ni Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Tafsiri yake, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, ilichapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupata Tuzo ya Nobeli. Hiyo niliazimwa kwa siku kumi, nikairudisha siku ya kumi na nne.

Mbili za kwanza nilizipenda nilipokuwa nikizisoma, nikaanza kuzitilia shaka baada ya kuzijadili na wenzangu. Ya tatu ilinichosha katikati, lakini ndiyo ambayo bado ninaifikiria.

Nguu za Jadi imewekwa katika nchi ya kubuni iitwayo Matuo. Wakule wanatawala chini ya Mtemi Lesulia, na Waketwa wanabaguliwa. Mangwasha, mwanamke wa Kiketwa anayefanya kazi katika ofisi ya chifu, anaona mipango inavyosukwa dhidi ya watu wake, nyumba zao katika mtaa wa Matango zinateketezwa, na mumewe Mrima amezama katika ulevi. Mwishowe Lonare, kiongozi wa Kiketwa, anapata ushindi. Hadithi inakwenda mbio na Mangwasha ni mhusika wa kuaminika. Anaogopa, tena anachoka, na hata anapokuwa jasiri bado ana watoto wa kulisha.

Mwanzoni majina ya kubuni yaliniudhi. Nilijiuliza kwa nini mwandishi hasemi Kenya, na kwa nini hataji makabila anayoyajua yeye na msomaji wake. Niliona ni woga. Kisha tukaijadili riwaya hii darasani, na hapo nikabadili mawazo, angalau nusu.

Darasa letu lina Wakonzo wengi, Wasongora kadhaa, Wanyabindi wawili watatu na Wakiga ambao wazazi wao walihamia huku. Msomaji wa wilaya ya Kasese hahitaji kuelezwa maana ya mchanganyiko huo. Julai 2014 watu walishambuliana, na tarehe 26 na 27 Novemba 2016 zaidi ya watu 100 waliuawa mjini Kasese, wengi wao katika ikulu ya Rwenzururu iliposhambuliwa na vyombo vya dola. Tulikuwa watoto wakati huo. Mambo haya hatuyazungumzi darasani. Tukiyazungumza kwa Lhukonzo, tayari tumeshachagua upande. Tukiyazungumza kwa Kiingereza, inakuwa kama taarifa ya redio. Lakini kuhusu Waketwa na Wakule tulizungumza saa nzima, kwa Kiswahili, ambacho si lugha ya mama ya yeyote kati yetu, na watu walisema mambo ambayo sijawahi kuyasikia yakisemwa mbele ya wengine. Mwenzangu mmoja alieleza jinsi ardhi ya malisho inavyoweza kuwa shamba la mtu mwingine kwa kalamu moja tu. Hakutaja mahali, na sisi tulipajua.

Kwa hiyo majina ya kubuni yana kazi yake. Hilo nalikubali.

Kisha dada mmoja aliyekaa nyuma akauliza, "Sasa sisi hapa ni akina nani? Waketwa au Wakule?" Kila aliyejibu alijiweka upande wa Waketwa. Mkonzo alikuwa Mketwa, akatoa sababu zake. Msongora naye alikuwa Mketwa, kwa sababu zake. Mkiga pia. Katika darasa la watu zaidi ya 30 hakupatikana Mkule hata mmoja. Tulicheka, halafu kicheko kikaisha vibaya na mwalimu akasema muda umekwisha.

Tangu siku hiyo nimekuwa na lawama na riwaya hii. Imewagawa watu vizuri mno. Upande wa kuonewa umepewa Mangwasha na Lonare, na upande wa kuonea umepewa walafi na wazinzi. Nani atajitambua katika Mtemi Lesulia? Msomaji yeyote, hata yule ambaye baba yake alishika kiberiti, ataifunga riwaya hii akiwa na uhakika kwamba yeye ni mmoja wa waliochomewa.

Chozi la Heri inakwenda mbali zaidi kidogo. Ridhaa, daktari, amepoteza familia yake katika moto, na mmoja wa waliomgeukia ni jirani yake wa miaka mingi, Mzee Kedi. Neno lililonikaa ni "mfuata mvua". Watoto wenzake shuleni walimwita Ridhaa hivyo alipokuwa mdogo, kwa sababu wazazi wake walikuja kutoka kwingine, na miaka mingi baadaye neno lilelile linamrudia likiwa na moto. Karibu na sehemu hiyo mwenye penseli ameandika "Maudhui: ukabila", akaendelea na ukurasa unaofuata. Mimi nilisimama hapo. Huku kwetu tuna maneno ya namna hiyo, nami nimewahi kuyatumia uwanjani nikiwa na miaka tisa, bila kujua kwamba ninaweka akiba.

Lakini Matei anaharakisha kufariji. Umulkheri na ndugu zake Dick na Mwaliko, waliotawanywa kila mmoja kwake, wanakutana tena kwa sadfa juu ya sadfa. Kila yatima anapata mlezi mwema. Nilifurahi nikisoma, sitasema uongo. Ila Mzee Kedi nilimtafuta hadi mwisho. Nilitaka kujua anaamkaje asubuhi, anapitaje mbele ya kiwanja kilichoungua. Riwaya inajua kila kitu kuhusu aliyechomewa, na karibu haijui kitu kuhusu jirani.

Kwenye Peponi nilikutana na kitu kingine. Yusuf ana miaka 12 anapochukuliwa na mtu anayemwita Mjomba Aziz. Khalil, aliyechukuliwa kabla yake, anamkumbusha kila mara kwamba yule si mjomba, ni tajiri anayewadai wazazi wao, na wao ni rehani. Katikati kuna safari ndefu ya msafara kwenda bara, na hapo ndipo nilipochoka: kambi, hongo, mvua, kambi tena. Kiswahili chake pia ni cha pwani, na sisi tunaosikia Kiswahili cha wachuuzi wa Kongo pale soko la Mpondwe tunahitaji kamusi mkononi.

Sikuiacha, kwa sababu niligundua niko wapi ndani yake. Watu wa pwani katika riwaya hii wanawaita watu wa bara washenzi. Sisi wa milimani ndio bara. Msafara unapofika kwa Chatu na Chatu akawanyang'anya bidhaa zao, nilikuwa upande wake, hasa aliposema kwamba mfanyabiashara mwingine alishamwibia. Halafu watu wa msafara wakapigwa na kuuawa, na Yusuf, mtoto ambaye mwenyewe ni mali ya mtu, yuko katikati yao. Sikujua tena nimlilie nani. Aziz ni mpole wa maneno na ni mfanyabiashara wa watoto. Na Yusuf, baada ya yote, katika kurasa za mwisho anawakimbilia askari wa Wajerumani aliowaona wakikamata watu. Gurnah hamtetei wala hamhukumu. Nilikasirika, nikarudi kusoma sura ile mara mbili.

Nimemwomba mwalimu tuisome Peponi muhula ujao, na dada yule wa nyuma aulize swali lake tena. Nakala ni moja, na si yangu, kwa hiyo itabidi mtu asome kwa sauti.