Mbeleko Katika Methali ya Kishona

Washona wa Zimbabwe wana methali isemayo: "Mwana asingachemi anofira mumbereko." Mswahili hahitaji mkalimani mkubwa hapa. Mwana ni mwana, kuchema ni kulia, na mbereko ni ndugu yake mbeleko. Basi maana yake ya wazi ni kwamba mtoto asiyelia hufia mbelekoni.

Wanafunzi wengi huifasiri kwa haraka: asiyesema shida yake hasaidiwi. Jibu hilo si kosa, lakini limeliacha nje neno lenye uzito kuliko yote, yaani mbeleko yenyewe. Zamani mbereko ilikuwa ngozi ya mnyama iliyolainishwa. Mama alimfunga mwanawe mgongoni akaenda naye kupalilia ulezi, au akatwanga kinuni huku mtoto yu mgongoni vile vile. Joto la mtoto analihisi na uzito wake anauhisi, ila uso wake hauoni. Tena mtoto aliyelala na mtoto aliyezimia hutulia namna moja. Kilichobaki ni sikio. Kwa hiyo methali haimsemi mnyonge anayemdai adui yake. Yamsema mtu apendwaye, aliyefungwa mahali palipo salama kuliko pote, naye akaangamia papo hapo kwa ukimya.

Mtu atauliza: je, Washona si watu wa adabu, ambao mtoto wao hapayuki mbele ya wakubwa? Naam, na ndiyo maana desturi yao ikaweka njia ya kulilia. Binti mwenye jambo zito hulipeleka kwa tete, yaani shangazi yake, naye tete hulifikisha kwa wazazi. Kulia huko si kupiga kelele. Ni kumfikia mwenye sikio. (Methali yetu ya mtoto aliliaye wembe ni habari nyingine: kilio chake ni cha ukaidi, nasi twampa ajionee. Asizichanganye mtu hizi mbili kwa kuwa zote zina mtoto na kilio.)

Liko jambo jingine ambalo wafasiri hulipita. Mama hakutajwa hata kwa neno moja. Wako wadhanio kwamba kwa sababu hiyo hana lawama, na kosa lote ni la mtoto aliyenyamaza. Mimi siafiki. Mbeleko haijifungi yenyewe. Mwalimu akitaka kuwapima wanafunzi wake, na awaulize kwanza ni nani aliyemo katika methali hii bila kutajwa.